Aliyemfundisha Ting-yau Kutabasamu

"Shangazi, ni lini ulitufundisha kutabasamu?"

Nilimuuliza swali hilo nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, theluji ikimwangukia mabegani. Badala ya kunijibu alinifunga kamba za kofia chini ya kidevu, kwa nguvu, kama mtu anayefunga mdomo wa gunia. "Masikio yako yatadondoka," akasema. Akapanda kigari cha theluji, farasi akatikisa kengele zake, akaenda zake. Jibu nimelipata mwaka huu tu, nikiwa darasa la mwisho.

Shangazi Mok hakuwa shangazi yangu kwa damu. Alikuwa shangazi wa kila mtoto wa Kichina aliyesoma shule ya bweni katika Masachuseti na Konektikati. Aliletwa Amerika akiwa bibi harusi wa mfanyabiashara wa majani ya chai. Mumewe akafa, yeye akabaki. Wazazi wetu wa Kantoni na Hong Kong walimkabidhi sisi watoto, naye akatupokea mmoja mmoja kama mtu anayepokea vyombo vya udongo, akitugeuza kuona wapi tumepata ufa. Alitungoja kituoni, akatupeleka kwa fundi wa makoti, akazungumza na walimu, akatukalimania, akatukaripia kwa niaba ya mama zetu. Kila mwezi alifika kwa treni na mfuko wake mweusi wenye plamu za chumvi zilizokaushwa, akakagua shingo zetu kama tumeoga, akaondoka.

Katika shule yetu, ile iliyo juu ya mto, tulikuwa wawili tu: mimi na Fong Ting-yau.

Tuliteremka kwenye treni mwezi wa Septemba, mwaka wa pili wa mfalme mtoto wa Peking, yaani 1910. Shangazi alitupanga ukutani, mizigo ikiwa miguuni, akaanza.

"Sikilizeni, wanangu. Hapa ukikaribishwa chakula, usikatae. Kwetu unakataa mara ya kwanza, unakataa ya pili, ya tatu ndipo unapokea. Hapa ukikataa mara moja, sahani imeshapita. Utalala njaa na hakuna atakayejua."

"Hata kama ni chakula kibaya, Shangazi?" nikauliza.

"Hasa kikiwa kibaya. Ndicho kingi. La pili: mtu mzima akisema nawe, mtazame machoni."

Ting-yau alishtuka. "Mtu mzima? Machoni? Baba angenichapa!"

"Baba yako hayupo hapa. Kwa hawa, anayetazama viatu vyake ni mwizi. Macho yakikuuma, mtazame katikati ya nyusi. Hawajui tofauti."

Akatufundisha kushika uma, kupenga kamasi kwenye kitambaa na kukitia mfukoni tena (Ting-yau alikataa kabisa kuamini hilo), kusimama wima bila kuinama. Alitufundisha mikono, macho, magoti. Kuhusu uso hakusema kitu. Nimeirudia siku ile kichwani mara nyingi mno, na sikumbuki neno hata moja juu ya uso.

Ting-yau alinizidi mwaka na kidogo, kwa hiyo nilimwita kaka. Alikuwa mwembamba, mpole, na Kiingereza chake kilikuwa kama nguo ya kuazima. Akivunja jagi, alitabasamu. Akikosea hesabu ubaoni, alitabasamu. Asubuhi moja tukiwa kwenye mabeseni ya kunawia, alinigeukia akitabasamu, akasema, "Mdogo wangu, bibi yangu amefariki." Nikajua nisimuulize zaidi. Hivyo hivyo ndivyo baba yangu alivyowapa wageni habari za kifo cha dada yangu, akiwamiminia chai. Uchungu ni wako, huuweki mapajani mwa mtu mwingine.

Aliyelala kitanda cha jirani na Ting-yau alikuwa Chester Haskell, mtoto wa mwenye kiwanda cha karatasi. Wote walimwita Ting-yau Tim, lakini Chester alikuwa na wimbo wake.

"Tim! Mashati yangu yamekauka?"

Wiki za kwanza Ting-yau hakuelewa. Baadaye akaelewa kwamba Wachina wote ambao Chester aliwahi kuwaona walikuwa madobi. Akatabasamu.

"Mnamwona? Anapenda!" Chester akawaambia wenzake.

Ikafika Februari. Wakata barafu walikuwa wamekata mapande yao ya kuuza kiangazi kwenye kona ya mto ulioganda, wakayapeleka ghalani, na pale walipokata maji yaliganda upya, utando mwembamba tu, theluji ikaufunika. Walichomeka matawi ya misonobari kuzunguka pale ili watu wajue. Tulikatazwa kuyapita. Jumapili, baada ya ibada, Chester alivaa viatu vyake vya kutelezea akamwambia Ting-yau, "Twende, Tim. Au unaogopa kulowana?" Wakaenda. Mimi nilikuwa na kikohozi, nikabaki.

Tulikuwa bwaloni, tunakula maharage na mkate mweusi, mlango ulipofunguliwa. Ting-yau aliingia akitembea. Hakukimbia, kwa sababu mtoto hakimbii kumwendea mkubwa. Alipita katikati ya meza zote mpaka mbele ya Bwana Pruitt, mwalimu mkuu, akasimama wima bila kuinama, akamtazama machoni kama tulivyofundishwa. Na akatabasamu.

"Bwana, samahani. Chester majini."

Bwalo likacheka. "Majini wapi, Tim? Bafuni?" mtu akapaza sauti.

Bwana Pruitt aliinua kidole. "Kaa chini, Fong. Utani una wakati wake."

Tabasamu likapanuka. Meno yote nje. Nililiona, nikaweka kijiko chini, maana nililijua tabasamu lile, lilikuwa lile la kwenye mabeseni, la siku ya habari za bibi yake, lakini kubwa zaidi, kubwa kupita kiasi. Nikasimama juu ya benchi nikapiga kelele, "Ni kweli! Anasema kweli!" Ndipo mama mlezi wa bweni alipomshika Ting-yau mkono, akauachia haraka. Mikono ya koti ilikuwa imeganda mpaka mabegani, migumu kama bomba la jiko.

Mabenchi yalianguka. Watu walikimbia na ngazi.

Walimtoa Chester akiwa hai, rangi yake kama wino uliomwagiwa maji. Usiku huo homa ya mapafu ikamshika. Bwana Pruitt akaamuru kengele ya shule isipigwe ili mgonjwa alale. Hujui jinsi shule inavyotisha bila kengele. Tuliingia darasani kwa kupungiwa mkono, tukala kwa kupungiwa mkono, na katika kimya hicho kila mnong'ono ulisikika mpaka mwisho wa ukumbi.

"Alikuja anacheka. Uliona?"

"Chester alimtania sana. Kalipiza."

"Cheka, Tim. Cheka basi, tukuone."

Walisogeza mabenchi yao mbali naye. Vidole vyake vilikuwa vimefungwa bendeji, kwa hiyo nilimlisha kwa kijiko. Aliniambia kidogo kidogo, kwa Kichina, akitazama supu.

"Aliyapita matawi. Nilimwita, hakugeuka. Alipozama nililala kifudifudi nikamshika mikono. Nilimvuta, barafu ikavunjika tena. Nikamvuta, ikavunjika tena. Basi nikamwambia shika ukingo, subiri. Sikuwa na neno lingine la Kiingereza."

"Kisha?"

"Kisha nikaja kuwaambia. Walikuwa wanakula."

Chester alipoamka na kuweza kusema, daktari alimuuliza anakumbuka nini. Akasema anakumbuka baridi, na anakumbuka uso wa Tim juu yake. "Alikuwa ananitazama," akasema, "anatabasamu."

Kuanzia hapo mambo yalikimbia. Baba yake, Bwana Haskell, alikuwa chumbani pale, ameshika mkono wa mwanawe, na aliyasikia kwa masikio yake. Akasema yule mtoto aondoke shuleni, na barua yake ya kuondoka iandike sababu. Bwana Pruitt akampelekea Shangazi simu ya maandishi: aje, uamuzi ni Jumamosi.

Sote tulijua maana yake. Hakuna shule nyingine ambayo ingempokea mtoto aliyejaribu kumwua mwenzake. Angepelekwa San Fransisko, apakiwe melini, arudishwe Kantoni, kwenye nyumba ambayo baba yake alilipua fataki mlangoni siku mwanawe alipoondoka, ukoo mzima ukiwa umesimama barabarani. Ijumaa, tukitandika vitanda, Ting-yau aliniambia kwamba hatafika huko.

"Hutafika wapi, kaka?"

"Bahari ni pana," akasema. Akatabasamu.

Sikulala.

Shangazi alifika na treni ya asubuhi. Hakukagua shingo zetu. Alimkalisha Ting-yau kwenye kiti cha korido, akafungua bendeji, akatazama vidole, akazifunga upya vizuri zaidi.

"Ulimsukuma?"

"Hapana, Shangazi."

"Unampenda?"

Ting-yau akafikiri. "Hapana."

"Vizuri. Hilo la pili usilitaje." Akanigeukia. "Na wewe, A-Hei, mwenye maswali. Utakaa karibu naye asijione yuko peke yake. Ukiuliza swali lolote humo ndani, nitakuuza kwa wakata barafu."

Ofisi ilikuwa na joto la kuziba pumzi. Bwana Pruitt alikuwa nyuma ya meza yake, ndevu zimechanwa, uso umechoka. Bwana Haskell hakukaa. Alizunguka nyuma yetu, na viatu vyake vililia kila alipogeuka, hata shingo ikaniwasha.

"Muulize," akasema Bwana Pruitt, "kwa nini alitabasamu."

Shangazi akamuuliza kwa Kichina. Ting-yau alimwangalia mwalimu mkuu katikati ya nyusi.

"Sikujua kama nilitabasamu," akajibu. "Nilikuwa naogopa."

Shangazi alikalimani vile vile, neno kwa neno. Kisha akaongeza lake. "Bwana, kwetu mtu akileta habari mbaya mbele ya mkubwa wake, huulainisha uso. Ni heshima. Hataki huzuni yake iwe mzigo wako. Na mtu akiwa katika hatari, humwonyeshi uso wa hofu, atakata tamaa. Mtoto huyu alitaka mwanao asiogope."

Alisema vizuri. Nilifikiri imekwisha. Nilianza hata kupumua.

"Heshima!" Viatu vikasimama. "Mwanangu anakufa, huyu anatoa meno, na mimi niambiwe ni heshima? Mama, sikuja hapa kusikiliza habari za kwenu. Mwanangu anaamka kila usiku akiuona uso huo. Nataka kujua nani wa kulaumiwa. Mnionyeshe mtu. Kama si huyu, nani?"

Bwana Pruitt alishusha macho kwenye karatasi zake. Niliona mkono wake ukitafuta kalamu, na nikaelewa kwamba hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu amefika mwisho wa njia. Ting-yau naye aliiona kalamu.

"Mimi," akasema Shangazi Mok.

Kalamu ikasimama hewani.

"Wewe vipi, mama?"

"Mimi ndiye niliyemfundisha. Siku walipofika, pale kituoni, niliwaambia kwamba Wamarekani hawapendi sura za huzuni. Niliwaambia watabasamu. Lolote litakalotokea, watabasamu. Mtoto amefanya alivyoagizwa."

Nilimgeukia. Ting-yau naye akamgeukia, mdomo wazi, maana Kiingereza hicho alikielewa chote. Shangazi hakututazama. Akiwa amemkabili mwalimu mkuu, kwa sauti ile ile ya adabu ya ukalimani, alisema kwa Kichina, "Ukiufunga mdomo huo sasa hivi, nitakusamehe. Usipoufunga, nitakung'oa masikio yote mawili, na ya A-Hei vilevile."

"Umemwambia nini?" akauliza Bwana Haskell.

"Nimemwambia kosa ni langu."

Kuni zilikuwa zikipasuka ndani ya jiko.

"Mama Mok," Bwana Pruitt akaanza, polepole, "nimekuamini na watoto hawa. Ulilowaagiza lilikuwa jambo la hatari. Karibu litugharimu roho ya mtoto, sisi tukicheka mezani." Nyama za shavu lake zilicheza aliposema 'tukicheka'. "Siwezi kukuachia tena wanafunzi wa shule hii. Usije tena. Nitalazimika kuziandikia familia zao, na kuwajulisha wenzangu wa shule nyingine. Umenielewa?"

Kazi yake yote ilikuwa ni sisi. Hakuwa na duka, hakuwa na mume, hakuwa na mtoto wa kwake. Shule zikimfungia milango, alibaki na mfuko mweusi tu.

"Nimekuelewa, bwana," akasema Shangazi.

Na akatabasamu.

Lilianza pembeni mwa midomo, likapanda, likapanuka mpaka macho yake yakawa mistari miwili. Meno yote nje.

"Mwone!" Bwana Haskell aliruka. "Mwone na yeye! Anatucheka! Pruitt, unaona? Anafukuzwa kazi na anacheka!"

"Naona," akasema Bwana Pruitt.

Lakini hakuwa akitazama meno. Alikuwa ameinama mbele juu ya meza, akitazama mikono ya Shangazi. Ilikuwa imeshika mpini wa mfuko, vidole vyeupe mpaka kwenye kucha, na mfuko wote ulikuwa unatetemeka hata kibati cha ndani kikawa kinagongagonga. Alitazama mikono, akapanda akatazama tabasamu, akarudi kwenye mikono. Kisha akamtazama Ting-yau. Ting-yau, maskini, alikuwa na tabasamu lile lile, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola.

Sijui Bwana Haskell aliona nini, alikuwa nyuma yangu. Viatu vyake havikulia tena.

"Haskell," akasema mwalimu mkuu, "keti."

Akaketi.

"Mtoto atabaki." Aliikunja ile barua ya kuondoka mara mbili akaitupa ndani ya jiko la kuni. "Na nitamweleza Chester mwenyewe. Kama nitaweza kumweleza."

Nilingoja aseme la pili. Nilingoja amwambie Shangazi kwamba yale maneno mengine nayo yamechomwa. Alifungua mdomo, nakumbuka, akamtazama Bwana Haskell, akaufunga. Shangazi aliinuka, akainama kidogo, kile kichwa alichotukataza sisi kukiinamisha, akatoka. Nikamkimbilia nje nikamuuliza swali langu, akanifunga kofia.

Chester alipona, akarudi darasani baada ya Pasaka. Hakumuuliza tena Ting-yau habari za mashati. Hakumuuliza habari za kitu chochote. Barua za mwalimu mkuu zilifika zilikotumwa, na kabla ya majira ya joto shule moja baada ya nyingine zilimwambia Shangazi kwamba zimepata mtu mwingine. Sisi tukapewa mlezi, bwana mmoja mwenye kola ngumu ambaye alituita kwa majina ya ukoo na hakuleta plamu. Mfalme mtoto wa Peking akaondolewa kitini, Ting-yau akahitimu akaenda chuo cha uhandisi. Kila mwaka mpya wa kwetu anampelekea Shangazi machungwa, naye kila mwaka humwandikia kwamba machungwa yalikuwa makavu.

Likizo hii nilienda Boston. Nilimkuta nyuma ya duka la vyakula katika mtaa wa Wachina kule, amekaa kwenye kisanduku, miwani puani, anachambua uyoga mkavu: mkubwa huku, mdogo huku, uliovunjika kwenye ndoo. Alinitazama kutoka viatuni mpaka kichwani.

"Umerefuka bila sababu," akasema. "Geuka. Shingo."

Nikageuka. Akaikagua.

"Wanakulisha?"

"Nakubali mara ya kwanza, Shangazi."

"Vizuri. Kaa. Chambua."

Tulichambua. Nilikuwa nimepanga kuanza mbali, kwa habari za nyumbani, lakini mimi sijui kuanza mbali.

"Shangazi, hukunijibu. Ni lini ulitufundisha kutabasamu?"

"Bado unauliza tu!"

"Bado hujajibu tu."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya aproni yake, taratibu, kioo kimoja, kisha kingine.

"Mimi sikumfundisha mtu," akasema. "Aliyemfundisha Ting-yau ni mama yake, akiwa bado anambeba mgongoni. Lakini yule bwana alitaka mtu wa kufukuza, A-Hei, na mama yake alikuwa mbali mno. Mimi nilikuwa pale pale, na tiketi ya kurudi ninayo mkononi."